Kilomita ya Sitini na Moja

Kitabu kiliingia karakana Jumatano asubuhi, kimebanwa kwapani na mwanamke mzuri aliyekuwa akikokota baiskeli ya bei mbaya.

"Habari za kazi, fundi," mwanamke alisema. "Gia zinaruka. Nikikanyaga kwa nguvu mlimani, cheni inalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa."

Kengele alifuta mikono kwenye kitambaa, akaitundika baiskeli kwenye ndoano na kuzungusha pedali taratibu huku ameinamisha sikio. Kengele halikuwa jina la kwenye vyeti. Marehemu baba yake ndiye aliyemwita hivyo, maana utotoni akilia alisikika mpaka mtaa wa tatu, na jina likamganda. Karakana nayo ilikuwa ya baba: chumba kimoja kilichotazama barabara ya ufukweni, na nyuma yake vyumba viwili alivyoishi na shangazi yake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mapaja ya mtu aliyezoea milima.

"Cheni imekwisha," alisema. "Na mkono wa gia umepinda. Ulianguka nayo?"

"Niliibwaga getini. Mimi daktari wa meno, fundi, baiskeli nimeanza mwaka huu tu. Mchumba wangu ndiye mgonjwa wa mambo haya." Akacheka kwa raha, kama mtu ambaye maisha hayajawahi kumfanyia hila. "Jumamosi tunapanda kutoka baharini mpaka milimani, watu tisa. Tunazindua kitabu chake. Hiki hapa."

Akakiweka mezani, katikati ya spana na makopo ya grisi.

*Kutoka Pwani hadi Milimani: Njia Kumi na Mbili za Baiskeli.* Chini yake jina la mwandishi kwa herufi nene, la kwanza mpaka la ukoo, na picha yake akiwa amevaa kofia ngumu na lile tabasamu la upande mmoja. Kengele hakuhitaji kulisoma jina. Yeye alizoea kumwita Kapteni.

"Naweza kukifungua?" aliuliza. Alishangaa sauti yake ilivyotoka salama.

"Fungua tu. Kaandika vizuri mno. Mimi mwenyewe nilimpendea maandishi."

Kengele alifungua. Njia ya kwanza: *Upepo wa baharini utakusukuma mgongoni mpaka saa nne, ukichelewa, utakusukuma kifuani.* Maneno yake. Njia ya tatu: *Nyumba ya geti la kijani ina mbwa wawili, mkubwa ni wa kelele tu, mdogo ndiye wa kuogopwa.* Maneno yake. Hata yule mbwa mdogo ameibwa!

Miaka mitatu mfululizo, kila Jumapili kabla jua halijakaza, Kengele alikuwa akifunga mita kwenye gurudumu na kwenda kutafuta njia. Barabara kuu kila mtu aliijua, na malori yake. Yeye alitafuta zile nyingine, njia za zamani zilizopita nyuma ya mashamba ya chumvi, zikakata mito, zikajikunja vilimani mpaka kwenye ukungu. Mashimo aliyahesabu, kivuli alikipima, kila kona akaiandika kwenye daftari lake la jalada gumu.

Mwaka wa tatu Kapteni akaanza kufuatana naye. Alikuwa nahodha wa chama cha waendesha baiskeli, mrefu, mcheshi, mwenye namna ya kukusikiliza huku amekutazama midomo. Kengele alipenda. Alipenda mpaka akawa anasahau kutia mafuta cheni yake mwenyewe. Siku moja, kwenye kilomita ya sitini na moja ya njia ya tisa, penye kona ya jiwe kubwa jeupe, maji yaliwaishia. Lilibaki funda moja ndani ya chupa. Kunywa wewe. Aa, kunywa wewe. Walibishana mpaka wakacheka. Mwisho Kapteni akalitia funda lile mdomoni, akamvuta karibu, akamnywesha. Lilikuwa busu lao la kwanza. Jioni yake Kengele aliandika daftarini, kwa mzaha wa mtu mwenye furaha: *Km 61, jiwe jeupe: maji matamu.*

Kisha mama yake Kapteni akaja karakana. Alisimama mlangoni, asiguse kitu. "Binti, kazi yako nzuri," alisema, "ila mwanangu namtafutia mke, sitafuti fundi." Wiki hiyohiyo ukaingia ujumbe kwenye simu: *Mama hajakubali. Tupumzike kidogo.* Hicho kidogo kilikuwa kimefika miaka miwili. Daftari lilibaki kwa Kapteni, aliyekuwa amelichukua eti amsaidie kulipiga chapa.

Sasa Kengele aliruka kurasa mpaka njia ya tisa, kidole kikaenda chenyewe. Hapo paliandikwa, kwa wino mweusi, pamoja na kialama cha bomba la maji: *Kilomita ya 61, jiwe jeupe: maji matamu.*

Pale hapajawahi kuwa na maji. Ni mwamba mkavu na vumbi. Kapteni amenakili kama kasuku, asikumbuke. Kuibiwa njia kulimuuma Kengele. Kusahauliwa kulimchoma mpaka ndani.

"Jumamosi mnapita njia ipi?" aliuliza.

"Ya tisa. Anasema ndiyo nzuri kuliko zote. Sema fundi wetu kateguka mguu jana, na sisi hatuwezi kwenda bila fundi. Humfahamu mtu anayeweza kutengeneza na kupanda pia?"

"Namfahamu."

"Nani?"

Kengele alikifunga kitabu taratibu.

"Mimi."

*

Shangazi alikuwa anashona shuka mlangoni, akitumia mwanga wa mwisho wa jioni, Kengele alipomweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata uzi kwa meno.

"Mimi ningemwaga misumari barabarani."

"Shangazi!"

"Nini? Misumari midogo. Ya viatu."

"Sitaki atoboke tairi. Nataka atoboke yeye. Wale watu wana kitabu mkononi, shangazi. Kitabu kinawaambia kilomita ya sitini na moja watapata maji. Watafika pale na chupa tupu, mchumba wake yupo, chama kizima kipo, na wote watamgeukia yeye. Maji yako wapi, Kapteni? Hapo ndipo nitakapofungua mdomo."

"Gari la chakula si litakuwepo?"

"Daraja la kilomita ya arobaini na nane linapitisha miguu na baiskeli tu. Gari linazunguka kwa barabara kuu, tunakutana nalo juu kabisa."

Shangazi alimtazama juu ya miwani. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na hakuwa na mazoea ya kumbembeleza.

"Na hao wengine wafe kiu kwa kosa gani? Huyo daktari kakufanya nini?"

Swali lile Kengele alikuwa amelikwepa tangu asubuhi.

"Nakuuliza tu," shangazi alisema. "Kumwaibisha, mwaibishe, mimi nitakupigia makofi. Lakini ukimwangusha mtu wa watu kwa jua, usirudi kulia humu ndani."

Ndiyo maana Ijumaa karakana ilikuwa imefungwa. Kengele alipakia madumu mawili ya lita kumi kwenye baiskeli ya mizigo aliyoachiwa na baba, akaomba lifti ya lori la jirani mpaka darajani, na kutoka pale akayasukuma kilomita kumi na tatu za mlima, mabega yakimlilia. Aliyaficha nyuma ya jiwe jeupe, akayafunika kwa matawi. Ugomvi wake ulikuwa na mtu mmoja tu. Hakulitazama jiwe zaidi ya ilivyohitajika.

*

Jumamosi, bahari ikiwa bado ya kijivu, waendeshaji walikuwa wamekusanyika ufukweni wakipimana kwa macho ndani ya suruali za kubana. Kapteni alikuwa ameinama anajaza tairi upepo. Aliinua kichwa, na pampu ikabaki hewani.

Miaka miwili. Alikuwa ameongeza ndevu kidogo na kupungua mashavu. Yale macho yalikuwa yaleyale, na kwa nukta moja yalimshika Kengele kama zamani, palepale midomoni. Akayachukia.

"Huyu ndiye fundi niliyekwambia," daktari alisema, akimshika mchumba wake mkono. "Amesema aliwahi kukutengenezea baiskeli."

"Ndiyo," Kapteni alijibu. Akairudisha pampu kwenye tairi. "Aliwahi."

"Shikamoo, mama," Kengele alisema kuelekea dirisha la gari la chakula. Mama yake Kapteni, aliyekaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani, alipandisha kioo.

Wakaondoka. Kilomita ishirini za mwanzo zilikuwa tambarare, upepo mgongoni, kama daftari lilivyosema. Njia iliacha harufu ya chumvi, ikaingia mashamba, ikaanza kuinuka kidogokidogo kiasi kwamba mtu hujui umeanza kupanda mpaka miguu ikuambie. Kengele alikaa nyuma kabisa na mkoba wa vifaa. Kila aliposikia mtu mbele akisoma kitabu kwa sauti, "hapa panasema kona kali kushoto," na kweli kona ikaja, na mtu akapaza sauti "Kapteni, wewe ni noma!", alikaza meno na kukanyaga.

Darajani walijaza chupa kutoka kwenye gari, wakaliaga. Baada ya hapo mlima ukawa mlima. Jua likapanda nao.

Kapteni alirudi nyuma mpaka baiskeli zao zikawa bega kwa bega.

"Umekuja kunifanya nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kutengeneza baiskeli."

"Kengele."

"Usiniite hivyo. Niite fundi. Ndivyo mama yako alivyokufundisha."

Alipokea bila kujitetea. Walipanda mita mia, pumzi zao zikienda sambamba kama zilivyozoea, na Kengele akaanza makusudi kuvuta pumzi nje ya mpigo ule.

"Nilitaka kuja," Kapteni alisema. "Mara nyingi tu. Nafika mpaka kona ya karakana."

"Toka pale konani mpaka mlangoni ni hatua ishirini na sita. Nimezipima. Mimi napima kila kitu, si unajua? Umekisoma kitabu chako?"

Akaongeza gia na kumwacha.

Kilomita ya hamsini na tano chupa zilikuwa zinatoa sauti ya utupu. Mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye ndevu nyeupe na maneno mengi, alimalizia yake kichwani.

"Mzee, bakiza!" Kapteni alimpigia kelele.

"Nibakize ya nini? Kitabu kinasema sitini na moja kuna maji. Tena matamu!"

"Kiangazi hiki huenda pamekauka. Bakizeni wote, jamani. Tafadhali."

"Acha utani wako, Kapteni. Kitabu kimetoka mwezi huu."

Wakacheka, wakanywa. Kengele alimwona akisawajika uso. Anaandaa uongo mapema, alijiambia. Hata chemchemi isiyokuwepo anataka kuisingizia kiangazi. Vizuri. Apande tu.

Kilomita sita zile zilikuwa ndefu kuliko zote. Daktari alikuwa amekuwa mwekundu shingoni, midomo imekauka, lakini hakulalamika, na Kengele alijikuta akimpenda kwa hilo, jambo ambalo hakuwa amelipangia. Alimsogelea akamtolea chupa yake mwenyewe.

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea. Kunywa kidogo kidogo. Imebaki kona moja."

Jiwe jeupe likajitokeza.

Watu wanane walishuka, wakatupa baiskeli kando, wakaanza kutafuta. Waliinama, wakapekua majani makavu kando ya barabara. Mstaafu wa posta alitega sikio kwenye mwamba kama daktari wa kifua.

"Mbona sisikii kitu?"

"Kapteni, maji yako wapi?"

Kapteni alikuwa bado amekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Alikuwa analitazama jiwe.

"Pamekauka," alisema.

Daktari alipitisha kiganja juu ya mwamba, akakitazama. "Hapa hapajakauka. Hapa hapajawahi kulowa. Hata ukoga hakuna."

Kengele aliisimamisha baiskeli yake vizuri. Alikuwa amelisubiri hili tangu Jumatano. Hapana, tangu miaka miwili iliyopita. Alitembea mpaka katikati ya barabara ambapo kila mtu angemsikia.

"Kapteni," alisema, "wewe ndiye uliyeandika. Umewahi kunywa maji hapa?"

Alikuwa ameyapanga majibu yote ya Kapteni, na kwa kila moja alikuwa na kofi lake tayari. Angesema nilisikia kwa wenyeji, angesema ni kosa la mchapaji.

Kapteni aliinua macho.

"Mara moja," alisema. "Funda moja tu."

Kapteni alikumbuka! Alikuwa anakumbuka muda wote.

"Nilijua hapana maji," Kapteni aliendelea, sasa kama mtu aliyechoka kubeba. "Nilipokuwa napiga chapa nilifika hapo, nikashindwa kufuta. Nikaona nikifuta nitakuwa nimekufuta kabisa. Nikaliacha. Mchapaji akaweka hicho kibomba, nami sikumkatalia. Nilijua siku moja utakisoma, na utajua kwamba sijasahau."

Kama angelisema hayo mahali pengine, siku nyingine, pengine Kengele angeanguka kifuani pake. Moyo wake, mpumbavu ule, ulikuwa tayari umepiga hatua moja mbele. Lakini kichwa chake kikakumbuka jalada la kitabu, na zile herufi nene.

"Kwa hiyo ulikumbuka," alisema. "Mimi nilidhani umesahau, nikakuhurumia ubongo. Kumbe ulikaa mezani, akili timamu, ukachagua. Busu langu ukaliacha, jina langu ukalitoa." Sauti ilitaka kutetemeka, akaikaza. "Ungefanya kinyume, Kapteni, leo ningekusamehe. Ungefuta busu ukaacha jina!"

Mstaafu wa posta alivua kofia yake, kisha akaivaa tena, hakujua aifanye nini.

Daktari alisogea mbele. Hakumtazama mchumba wake kwanza, alimtazama Kengele.

"Fundi. Njia ngapi ni zako?"

"Zote kumi na mbili."

"Na maneno?"

"Hata mbwa wa geti la kijani."

Ndipo alipomgeukia Kapteni. "Ni kweli?"

Kapteni alianza kurekebisha mkanda wa kofia yake.

"Nimekuuliza."

"Ni kweli. Zote."

Daktari alitikisa kichwa polepole, kama anayekubali kuwa jino hili haliponi. Alivua pete, hakuitupa wala hakulia, akaitia kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake pamoja na kipande cha mkate.

"Nitaamua tukifika juu," alisema. "Sasa hivi nina kiu."

Kengele alizunguka nyuma ya jiwe, akaondoa matawi, akaburuta dumu la kwanza, kisha la pili. Watu waliguna. Mstaafu wa posta akapiga makofi.

"Kumbe maji matamu yapo!"

Aliwajazia mmoja mmoja kwa zamu, daktari kwanza. Kapteni alikuja wa mwisho na chupa yake mkononi, asiinue uso. Kengele alimwinamishia dumu kwa uangalifu, akalikatisha mara moja.

Kapteni aliitazama chupa.

"Funda moja," Kengele alisema. "Si ndilo unalolikumbuka? Panda nalo."

Naye akapanda nalo, kilomita ishirini na tatu, bila kuomba zaidi.

*

Nyumba ya wageni huko juu ilikuwa na veranda ndefu ya mbao iliyotazama mabonde, na ukungu uliingia mpaka ndani ya vikombe. Mchana ule Kengele alikuwa amepiga magoti kwenye veranda, ananyoosha gurudumu la mstaafu wa posta, aliposikia mkoba ukiwekwa kwenye kiti.

"Daktari karudisha pete," mama yake Kapteni alisema.

"Nimesikia, mama."

"Umefurahi?"

Kengele aliifikiria, maana lilikuwa swali la kweli. "Kwa pete, hapana. Yule dada hakunikosea. Kwa aibu, ndiyo. Sitakudanganya."

Mama alikaa muda akitazama mikono ya Kengele inavyokaza spoku moja, inaachia nyingine, inasikiliza.

"Sikujua kama njia ni zako. Aliniambia ni zake. Ningejua…"

"Ungejua ungefanyaje, mama? Ungenikubali kwa sababu nina kitabu?"

Mama alichukua mkoba wake, na alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Hajala tangu asubuhi."

"Mkate uko mezani. Miguu anayo."

Kapteni alikuja baada ya nusu saa, bila mkate. Alikaa chini, mgongo ukutani, mbali kiasi cha heshima.

"Nitakichapa upya," alisema. "Jina lako, la kwako peke yako. Hivi vilivyobaki nitaviondoa madukani mimi mwenyewe."

"Hilo si ombi, hilo ni lazima. Usiniletee kama zawadi."

"Basi nipe adhabu. Yoyote."

Kengele aliliacha gurudumu. Alimtazama kwa mara ya kwanza bila haraka: mikunjo mipya kando ya macho, midomo iliyopasuka kwa kiu. Hamu ilimpanda kama homa, akaiacha impande, akaiacha ishuke. Hakumpunguzia kitu.

"Kitabu mtu anaweza kukifunga," alisema. "Mimi nataka kwa mdomo. Kesho tunashuka kwa njia ya kumi. Wewe unakaa nyuma kabisa, na mkoba wangu wa vifaa mgongoni. Yeyote atakayekuuliza njia, utamwambia njia ni za nani."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulizoee."

"Na baada ya hapo?" Sauti ilimpungua. "Kengele… bado unanipenda?"

"Hayo hayakuhusu," alisema, akageuka haraka kulirudia gurudumu, ili asimwone uso. "Kwanza maliza adhabu."

*

Asubuhi iliamka safi. Ukungu ulikuwa umeshuka mabondeni, na mbali kabisa, chini ya vilima vyote, bahari ilionekana kama ukanda mwembamba wa bati. Waendeshaji walijipanga mbele ya veranda. Daktari alikuwa wa kwanza, macho yamevimba kidogo, kofia imefungwa barabara. Alikuwa amemwomba Kengele amfundishe kushika breki kwenye mteremko. Gari la chakula lilikuwa pembeni, mama kwenye kiti cha mbele, na safari hii kioo kilikuwa chini. Kapteni alisimama nyuma ya wote, mkoba wa spana umemning'inia begani.

Vitabu vilikuwa vimeachwa mezani. Hakuna aliyeviokota.

"Haya, Kapteni," mstaafu wa posta alisema kwa mazoea, akisugua mikono. "Tunaanzia wapi? Kushoto au kulia?"

Watu wote wakageuka. Kapteni alimtazama mama yake, akamtazama daktari, kisha macho yakatua kwa Kengele na yakakaa hapo.

"Muulizeni yeye," alisema. "Njia ni zake."

Kengele alikuwa amelala na sentensi ile usiku mzima akijiuliza itakuwa na ladha gani. Alikuwa ameogopa itakuwa chachu, kwamba atakuwa ameshinda na asisikie kitu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa tamu. Ilimteremka taratibu kifuani, ikampasha moto mpaka vidoleni, na hakuona sababu ya kujinyima.

Aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Umesemaje?"

"Nimesema njia ni zake. Ni zako."

"Kuna upepo huku. Sijasikia vizuri."

Daktari aliuma mdomo asicheke. Kapteni alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, na mwangwi ukatoka vilimani aliposema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye gari, na ng'ambo ya gari:

"Njia ni za Kengele! Zote kumi na mbili!"

Ndani ya gari, mama yake aliinamisha kichwa.

"Ah," Kengele alisema, akipanda baiskeli. "Sasa nimesikia. Tunashika kushoto. Na wewe nyuma huko, mkoba wangu usiguse chini."

Akaachia breki.